Hasi Kumi na Tisa

Malyna, Saskatchewan
18 Oktoba 1981

Kaka Orest,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi sote wazima. Baba amemaliza kuvuna. Mgongo unamsumbua lakini hataki mtu autaje. Mama ameanza masomo ya jioni pale shuleni, Jumanne na Alhamisi, ili apate kile cheti cha sekondari alichokikosa alipoolewa. Kiingereza hakimpi tabu, na kwenye historia anabishana na mwalimu. Kinachomkaba ni hesabu, hasa namba hasi. "Kitu kikiisha kimeisha," anasema. "Chini ya hapo pana nini tena?" Baba anamjibu asubiri Januari, atoke nje aone.

Nimemfundisha kwa hoki yetu ya barafu. Nikamwambia: kila mchezaji anaanza msimu akiwa na sifuri. Timu yako ikifunga ukiwa uwanjani, unapewa moja. Ikifungwa ukiwa uwanjani, unanyang'anywa moja. Ukiwa umekaa benchi, goli hilo halikuhusu. Mwisho wa msimu unatazama kama umebaki juu ya sifuri au chini yake. Alielewa papo hapo. Akasema, "Kwa hiyo Orest ni ishirini na moja juu, wewe ni kumi na tisa chini. Nikiwajumlisha napata mbili." Baba akacheka mpaka akashika kiuno. "Miaka yote hiyo ya kununua viatu vya barafu," akasema, "na jumla yake ni mbili."

Nimepata kazi kwenye uwanja wa barafu hapa mjini. Naiparura barafu na kuimwagia maji, na siku za mechi ya timu ya wakubwa nakaa juu kibandani kuandika nani alikuwa uwanjani kila goli lilipoingia. Si kazi mbaya. Kocha Brodie wa timu yetu ya Carrow aliponiacha Agosti, aliniita mbele ya chumba kizima akasema, "Myron, hasi kumi na tisa si mchezaji, ni hali ya hewa." Wote walicheka. Na mimi nilicheka, maana sikujua niweke wapi uso.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Yuko kocha wa chuo kimoja cha Minnesota anaitwa Haldorsen. Alikuja kunitazama mara mbili tulipokuwa wote Carrow, na wiki iliyopita ameandika. Anahitaji winga wa kushoto mmoja, na nafasi hiyo inakuja na masomo. Anasema miguu yangu anaipenda, na mikono yangu pia, lakini haelewi ile kumi na tisa. Nimwambie nini? Mtu akijitetea mwenyewe anasikika kama mtoto. Anataka neno la mtu aliyekuwa pale, na amekutaja wewe kwa jina.

Wewe ulikuwa winga wa kushoto wa kikosi cha kwanza, mimi wa kikosi cha pili. Kila ulipotoka, mchezo ukiendelea, niliingia mimi. Hakuna aliyeuona msimu wangu kwa karibu kama wewe. Mwandikie mistari miwili tu, umwambie ulichokiona. Ataamua kabla ya Krismasi. Nisipoipata hii, hakuna nyingine. Mwakani hakuna atakayekuja Malyna kumtazama mmwagia maji.

Anwani yake nimeiweka nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako,
Myron

*

Port Hallam, British Columbia
15 Novemba 1981

Bwana mdogo,

Usinipige, najua nimechelewa. Tuko safarini siku zote, nalala zaidi kwenye basi kuliko kitandani. Bi Pemberton, mama mwenye nyumba wangu, ananilisha samaki mpaka naogopa nitaota magamba. Mwambie Mama nimeziota pyrohy zake, zile za unga wa kuchemsha zilizojazwa viazi, na vitunguu vikilia juu yake kwenye siagi. Niliamka natafuna mto.

Hapa hawajui baridi ni kitu gani. Leo ni nyuzi tisa juu ya sifuri na watu wamevaa glavu. Nimetoka na fulana kwenda dukani, mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, umefukuzwa nyumbani?" Nikamwambia natoka Saskatchewan. Akasema, "Ah, pole," kama mtu aliyefiwa.

Timu inakwenda vizuri. Mimi niko saba juu. Kocha hapa anabandika jumlisha-na-toa ya kila mtu mlangoni kila Jumatatu, na jamaa wanaisoma kabla hata ya kuvua koti. Maskauti wawili wa kusaka wachezaji walikuja Jumamosi. Mmoja aliniuliza kama jina letu linatamkwa kama linavyoandikwa. Nikamwambia hata sisi hatujui.

Kuhusu Haldorsen, hamna tatizo, nitamwandikia. Ila usiitie hiyo namba moyoni. Brodie ni mropokaji, na namba ni namba tu, mwenye macho atakuona. Mwambie Mama hesabu awaachie wenye meno yao, apumzike.

Kaka yako,
Orest

*

Malyna
29 Novemba 1981

Kaka Orest,

Tumshukuru Mungu, sote tu wazima. Leo ni ishirini na saba chini ya sifuri na gari la Baba limekataa kuwaka. Mama hakuupenda ule utani wako wa meno. Amenituma nikuambie bado anayo yote na anaweza kukung'ata nayo. Amepata alama nzuri kwenye jaribio la kwanza. Kilichobaki kinamchanganya ni kutoa namba hasi. Mwalimu anamwambia ukitoa hasi, jibu linapanda. Mama anasema huo ni ulaghai wa wenye maduka.

Nina jambo nililoliona, na nitakueleza kama nilivyoliona.

Jumatano timu yetu ya wakubwa ilicheza hapa. Mimi nilikuwa kibandani. Unamkumbuka Stan Prokopiw, dereva wa lori la maziwa? Bado anacheza winga wa kushoto. Kipindi cha pili kisahani kilimtoka kwenye gongo katikati ya uwanja. Wenzao wakakichukua wakaanza kuja. Kila mtoto hapa anafundishwa kwamba kisahani kikirudi kuelekea goli lenu huendi benchi kubadilishana na mwenzako. Unageuka, unakikimbiza, hata kama mapafu yanawaka. Stan hakugeuka. Aliteleza moja kwa moja hadi benchi, akagonga ubao, Lonnie Fedak akaruka kuingia. Lonnie hakuwa hata ametia mguu wa pili kwenye barafu, goli likaingia. Stan alikuwa ameshakaa, anakunywa maji.

Nikaandika: Fedak, hasi moja. Ndivyo sheria inavyosema. Aliyekuwa uwanjani ndiye mwenye goli.

Baada ya mechi Lonnie alipanda kibandani. "We Myron, hilo si langu." Nikamwambia ni lako. "Nilikuwa hewani!" Nikamwambia ulikuwa hewani kwa upande wa ndani. Chini pale Stan alikuwa anacheka. "Lonnie," akapiga kelele, "zawadi haikataliwi!"

Nilibaki kibandani mpaka walipozima taa. Kutoka kule juu mtu anaona mambo ambayo akiwa benchi hayaoni. Ukiwa benchi unamtazama anayetoka, si kinachomfuata.

Kaka, unajua ishara yetu. Unapotoka unagonga ubao kwa gongo mara mbili, nami naruka. Tulianza pale bwawani kwa Hnatiuk, mimi nikiwa na miaka saba. Sikuwahi kutazama kwanza. Nyuma ya mgongo wa mwingine yeyote ningetazama, nyuma ya wako sikutazama.

Nimeyarudia magoli yote kumi na tisa kichwani, yale yaliyonishusha. Mchezaji hasahau aliyofungwa. Pale Wexmoor mwezi wa Februari ulipoteza kisahani ukaja ukagonga. Wiki ile ile nyumbani, dhidi ya timu ya Tessier, ukagonga. Mechi ya mwisho, maskauti wakiwa wamekaa nyuma ya kipa, ulikuja benchi kugonga mara tatu kwa kipindi kimoja, na mara mbili kati ya hizo kisahani kilikuwa kimeshanipita nikiwa bado nina mguu mmoja juu ya ubao. Ninayo kumi na moja ya namna hiyo.

Labda ulichoka. Labda hukuona. Mtu anaweza kuchoka mara kumi na moja. Nakuuliza tu: ulikuwa unaona?

Huna haja ya kunijibu mimi. Mjibu Haldorsen. Hadi juzi alikuwa hajapata kitu kutoka kwako. Huna haja ya kusema umefanya kosa. Mwambie tu kwamba magoli mengine niliyakuta yanakuja. Hilo ni kweli, na wewe peke yako ndiye unayeweza kulisema akaamini.

Myron

*

Port Hallam
3 Januari 1982

Mdogo wangu Myron,

Heri ya mwaka mpya, na heri ya Krismasi yenu inayokuja, ile ya kanisa letu ya tarehe saba. Nilitaka nije lakini kocha ametupa siku mbili tu, na treni peke yake inakula zote mbili. Nimemtumia Mama glavu za sufu, Bi Pemberton amezifuma kwa mkono. Baba nimemtumia kipimajoto kipya, kina namba za zamani za Farenhaiti upande mmoja na mpya za Selsiasi upande wa pili, ili muache kugombana na redio. Mgongo wake vipi? Asinyanyue magunia, mwambie mimi nimesema.

Huku mvua bado. Kuna wakati naikosa baridi yetu, unaamini? Hapa hata theluji ikianguka inaomba radhi.

Haldorsen alinipigia simu, ilikuwa kama tarehe kumi na kitu. Alinikuta uwanjani, kwenye simu ya ukutani mlangoni kwa kocha, na timu nzima ilikuwa inapita. Tuliongea vizuri. Nilimwambia wewe ni mchapakazi, huchelewi mazoezi, hunywi. Nilikusifu mpaka nikaona haya. Akauliza ile namba yako. Nikamwambia siwezi kuongea juu ya namba za mtu mwingine, aangalie mwenyewe. Ningesema nini, pale, watu wote wakiwa wanasikia?

Barua yako ya Novemba niliipata. Naona kazi ya kibandani inakupa muda mwingi wa kufikiri. Hoki ni mchezo wa haraka, Myron. Mtu akikaa juu kila kitu kinaonekana kimepangwa.

Mwakani ni mwaka wangu. Wote wanasema hivyo. Nikipanda ligi ya juu nitakuwa na uwezo wa kukusaidia kwa njia nyingi.

Wasalimie wote.

Orest

*

Malyna
17 Januari 1982

Orest,

Glavu na kipimajoto vimefika. Mama anashukuru. Baba amekipigilia kipya chini ya cha zamani, na redio bado anaitukana.

Sikukuu ilipita salama. Mama alipika vyakula vyote kumi na viwili, ngano na asali kwanza, kama kawaida. Akaweka na ile sahani ya ziada, ya waliokufa. Safari hii akaweka mbili. Baba akamwambia, "Mama Orest, mtoto hajafa." Mama akasema, "Najua. Ndiyo maana nimeweka mbili."

Barua ya Haldorsen ilikuja siku tatu baadaye. Nafasi amempa kijana wa Duluth. Ameandika kwa adabu. Sentensi moja nakunukulia: "Nilizungumza na kaka yako, ambaye angejua kuliko mtu yeyote, naye hakuwa na la kuongeza."

Hakuwa na la kuongeza. Sikukuomba uongeze. Nilikuomba utoe.

Mama amefika pale pa kutoa namba hasi, akaniuliza tena kwa nini jibu linapanda. Nikamwambia achukue mtu aliyeandikiwa hasi kumi na tisa, na kati ya hizo kumi na moja si zake. Mwenye nazo akija akazichukua, yule mtu atakuwa ametolewa au ameongezwa? Alifikiri, akasema, "Ameongezwa. Ila nani duniani atakuja kuchukua hasi zake mwenyewe?" Nikamwambia kwenye kitabu huwa wanakuja.

 Sikumwambia zaidi.

Leo asubuhi vipimajoto vyote viwili vya Baba, kwa namba za zamani na kwa mpya, vilisoma kitu kimoja: arobaini chini ya sifuri. Ndipo mahali pekee vinapokubaliana. Baba aliniita nje nikatazame.

Myron

*

Port Hallam
9 Machi 1982

Myron,

Natumaini hamjambo. Nina habari chache. Tumetolewa kwenye mashindano, mapema kuliko tulivyofikiri. Sikumaliza vizuri. Namba yangu ilishuka baada ya Januari, nimeishia nne chini. Vijana wa kikosi cha pili hapa ni wazito. Unafika benchi unagonga wee, hakuna anayeinuka, wanakutazama. Kila mtu anajijali mwenyewe. Si kama nyumbani.

Maskauti hawajasema kitu. Bado mapema.

Ndugu yangu, yaliyopita tuyaache. Nakuja kwa mechi ya kuaga barafu. Mwambieni Stan bado nacheza kusini ya reli, na awahi kukojoa kabla hatujaanza. Niwekee nafasi karibu na wewe benchi, kama zamani. Mama aniandalie pyrohy.

Kaka yako,
Orest

*

Malyna
28 Machi 1982

Orest,

Baba hajambo. Mama hajambo. Uliondoka bila kula, kwa hiyo nakueleza yaliyofuata, maana hukuyaona.

Nianze na yale uliyoyaona, ili tusije tukatofautiana. Mechi ya kuaga barafu haina mwandishi kibandani. Kaskazini ya reli dhidi ya kusini ya reli, baba kwa wana, na mshindi anakula kwanza. Hakuna anayeandika nani alikuwa uwanjani. Hiyo naitaja kwa sababu ulichofanya hakikuwa na faida yoyote kwako siku ile.

Kipindi cha tatu tulikuwa sawa kwa sawa. Ulikuwa na kisahani, ukajaribu kumpita Stan kwa mbwembwe, akakunyang'anya. Akaanza kuja na Lonnie pembeni yake. Nilikuwa nimesimama benchi, na safari hii nilikuwa natazama. Uligeuka. Uliwaona. Najua uliwaona kwa sababu uso wako ulikuwa upande wangu. Kisha ukaja benchi ukagonga ubao mara mbili.

Nilikaa.

Ukagonga tena. Ukasema, "Ruka, we!" Nikakutazama. Stan alikuwa ameshafika golini kwetu, kipa yuko peke yake, nawe ukiwa umeshika ubao kama mtu anayesubiri basi. Goli likaingia. Watu wakacheka, ndiyo desturi ya siku ile. Sauti ya Stan niliisikia vizuri: "Orest, kwani huko pwani wanacheza wakiwa wamesimama?" Ukaniambia, "Umelala?" Nikakuambia hapana. Hilo ndilo neno pekee tulilosemeshana. Ulivua glavu, ukapita mlangoni, na nilipotoka mimi gari ulilokodi halikuwepo.

Sasa yale usiyoyaona.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya benchi letu, safu ya pili.  Kwenye chakula aliwapakulia kaskazini ya reli kwanza, kwa kuwa walishinda, na zile pyrohy alizokuandalia akampa Lonnie.

Tulirudi kwa gari, Baba akiendesha, Mama katikati, mimi mlangoni. Kulikuwa na baridi ya kutosha vioo kushika ukungu kwa ndani. Baba alianza: "Mwenzio alikugongea, mbona hukuruka? Umemwaibisha ndugu yako mbele ya mji mzima."

Nikamwambia, "Goli lile lilikuwa lake."

Baba akasema, "Ni mechi ya kula supu, Myron!"

Mama akasema, "Ngapi?"

Baba akadhani anauliza magoli. "Tano kwa nne."

"Sikukuuliza wewe." Akanigeukia. "Yule mtu wa kwenye hesabu uliyonipa Januari. Ngapi hazikuwa zake?"

Nikamwambia kumi na moja.

Akainama mbele yangu, akaandika kwa kidole kwenye kioo cha mlango wangu. Aliandika kama alivyofundishwa, na mabano yote. Hasi kumi na tisa, toa hasi kumi na moja. Hasi nane. Akaitazama. "Bado uko chini ya sifuri," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Mechi nyingine nilicheza vibaya, Mama, na magoli mengine ni yangu.

Akafuta nafasi kwa kiganja, akaandika chini yake hesabu yako. Ishirini na moja, jumlisha hasi kumi na moja. Kumi.

Baba alikuwa amepunguza mwendo. Alikuwa anasoma kioo badala ya barabara.

"Kumi juu," Mama akasema. "Kumi haitoshi? Wale maskauti wasingemwona mtu wa kumi juu?"

Nikamwambia wangemwona. Carrow nzima hakuna mwingine aliyefika kumi. Aliyekufuata alikuwa na sita.

Tukavuka reli. Kisha Mama akasema, "Basi alikuwa anahitaji nini?"

  Amekuwa akiniuliza swali hilo tangu siku ile, anapokanda unga, anapovaa koti la kwenda darasani. Haulizi kwa hasira. Anauliza kama kwenye masomo yake, pale ambapo hesabu imetoka sawasawa na bado haelewi. Nimemwambia mimi si wa kuulizwa. Kwa hiyo nakutumia swali lenyewe. Mjibu yeye, si mimi.

Barafu tumeitoa Jumanne. Sakafu iko wazi, ni saruji tupu, na ile mistari iliyochorwa juu ya barafu imeondoka na maji. Nimeomba kazi ya reli. Wanaanza kuchukua watu Mei.

Myron